Bilauri Isiyovunjika



Nimekuja na kikapu, ila sikuja kuuza. Mna bilauri mbili humu na kipande kimoja cha kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Nitavitoa kimoja kimoja kadiri maneno yatakavyovifikia. Aliyekaa karibu na meza namwomba asikivute kitambaa.

Nianze na kabati la bibi yangu. Lilikuwa na milango ya kioo, na ndani zilipangwa bilauri sita zenye mstari wa dhahabu mdomoni, zimefudikizwa juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Sisi wajukuu tulinywa maji kwa vikombe vya bati, vile vyeupe vyenye ukingo wa buluu, vilivyobanduka rangi kwa kuangushwa. Bilauri zilikuwa za wageni. Mgeni akija, bibi alizitoa kwa mikono miwili, akazisuuza, na kama kinywaji ni chai ya moto alitumbukiza kijiko kwanza ndipo akamimina. Siku moja shangazi alisahau kijiko. Tulisikia tu "ta!", na chai ikatambaa juu ya sinia mpaka kwenye kanzu ya mgeni. Tangu siku ile zikabaki tano, na bibi hakuzihesabu tena mbele za watu.

Siri ya kile kijiko niliijua baadaye, nilipokuwa nafundisha kemia na kuvunja bika za shule. Kioo hupitisha joto kwa uvivu. Ukimimina chai, upande wa ndani hupata moto ukataka kutanuka, na upande wa nje bado uko baridi, haujapata habari. Wa ndani unasukuma, wa nje unavutwa. Kioo hustahimili sana kubanwa, lakini hakistahimili kuvutwa, basi hupasuka. Kijiko cha chuma hunyonya sehemu ya joto la ule mmiminiko wa kwanza. Ndiyo sababu pia bilauri nene hupasuka kwa chai upesi kuliko nyembamba, jambo ambalo wengi hulidhani kinyume. Sentensi hiyo ya kubanwa na kuvutwa naomba muiweke akilini. Tutairudia mwishoni, na ikifika hapo itakuwa imeshamgharimu mtu kichwa na kiwanda kazi yake.

Ninachotaka kuwaonyesha jioni hii ni kwamba umbo la chombo unachonywea halikuchaguliwa na wewe mnywaji. Limechaguliwa na moto, na msitu, na mtoza kodi, na mwenye duka. Na wote hao, kwa miaka zaidi ya 3,000, wamekuwa wakigombana juu ya jambo moja tu, yaani kuvunjika.

Jina kwanza. Vijana siku hizi mnasema glasi, na glasi ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sisi wa pwani tulisema bilauri, neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao ni jina la jiwe angavu linalochimbwa mlimani, lile ambalo wengine huliita kristali. Kwa hiyo jina lenyewe ni sifa. Aliyekiita chombo cha kioo bilauri alikuwa anasema kimefanana na jiwe. Shikeni hilo nalo, kwani Waitalia walikuja kutoa sifa ileile kwa lugha yao.

Kioo kinatengenezwa kwa nini? Kwa mchanga, magadi na chokaa. Mchanga peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi kama 1,700 za Selsiasi, moto ambao tanuri za watu wa kale hazikuufikia. Ukitia magadi, mchanga hukubali kuyeyuka mapema. Lakini mchanga na magadi peke yake hutoa kioo kinachoyeyuka katika maji, na bilauri inayoyeyuka katika maji ni mzaha. Basi hutiwa chokaa kukifanya kigumu. Kioo cha kawaida cha leo ni mchanga kwa takriban asilimia 70 na kidogo zaidi, kisha magadi, kisha chokaa. Vyote vitatu tunavyo. Chokaa tumechoma kwa matumbawe tangu enzi za misikiti ya Kilwa. Na magadi ndiyo yale tunayotilia maharage yaive upesi. Kule Ziwa Magadi, Kenya, yamekuwa yakichimbwa kibiashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwenye mgodi leo ni kampuni ya Tata ya India. Sehemu kubwa husafirishwa nje, hasa Asia, na kazi yake kubwa huko ni kutengenezea vioo. Kwa hiyo bilauri unayoinunua dukani imeandikwa imetoka ng'ambo yaweza kuwa na jasho la bonde letu wenyewe ndani yake. Tunauza chumvi, tunanunua kikombe.

Mafundi wa kwanza walikuwa Mesopotamia na Misri. Walichukua kiini cha udongo, wakakizungushia kioo kilichoyeyuka kama mtu anavyoviringisha uzi, kikipoa wakaukwangua udongo utoke. Jumba moja la makumbusho mjini Munich, Ujerumani, lina kikombe cha rangi ya feruzi chenye jina la Farao Thutmose wa Tatu, aliyetawala karne ya 15 kabla ya Kristo. Kazi ya namna hiyo ilikuwa ya wafalme, na kila kikombe kilikula siku nyingi za fundi.

Halafu, karibu na karne ya kwanza kabla ya Kristo, katika pwani ya Shamu na Palestina, mtu ambaye jina lake halikuandikwa akachovya mrija kwenye kioo kilichoyeyuka, akapuliza. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote, na nikiulizwa ni uvumbuzi gani unaonistaajabisha kwa wepesi wake nasema huo. Pumzi moja! Kazi ya siku nyingi ikawa ya dakika chache. Muda si mrefu mafundi wakawa wanapulizia ndani ya kalibu, na mmoja wao, Ennion, akatia jina lake kwenye vyombo kama vile mwanamuziki anavyojitaja ndani ya wimbo. Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba mjini Roma kikombe cha kioo kilikuwa kinapatikana kwa sarafu moja ya shaba. Na Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, akasema vyombo vya kioo vimefukuza dhahabu na fedha mezani pa wanywaji.

Huyo Pliny ndiye pia aliyetupa kisa kilichoupa mhadhara huu jina. Mwandishi mwenzake Petronius naye anacho, na kwake kimenoga zaidi. Fundi mmoja alikwenda mbele ya Kaisari Tiberius na kikombe cha kioo kisichovunjika. Akakiangusha sakafuni kwa makusudi. Kikabonyea tu kama cha shaba. Akatoa nyundo ndogo, akakinyoosha. Akasimama akingoja zawadi. Kaisari akamuuliza kama kuna mwingine anayeijua siri ile. Akajibu, hakuna. Akaamuru akatwe kichwa, maana kioo kisichovunjika kikienea, dhahabu itakuwa sawa na matope. Pliny, ambaye kwake kilichobomolewa ni karakana, anaongeza kwamba hadithi hii husimuliwa zaidi kuliko inavyothibitishwa. Nami naongeza kwamba kioo cha kubonyea vile hakipo kwa kemia ninayoijua. Lakini sikilizeni hofu iliyomo ndani yake. Mtawala hakuogopa kikombe. Aliogopa bei.

Wakati huohuo, kioo kilikuwa kimeshafika kwetu. Mfanyabiashara wa Kigiriki aliyekaa Misri aliandika katika karne ya kwanza kitabu cha safari za bahari kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Anaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani hii, na kuorodhesha bidhaa zinazoletwa: mikuki iliyofuliwa Muza huko Yemen, mashoka, visu, nyenzo za kutobolea, na aina kadhaa za mawe ya kioo. Huenda zilikuwa shanga zaidi kuliko vikombe. Lakini kuanzia karne ya 7 na kuendelea shaka inaondoka, kwa kuwa waliochimba Unguja Ukuu, Manda na Kilwa wamekuta vigae vya vyombo vya kioo vilivyoletwa kutoka nchi za Mashariki ya Kati, pamoja na vya udongo. Bibi yangu na kabati lake hakuwa mwanzo wa chochote.

Basi nitoe kitu cha kwanza kikapuni, kile kidogo. Mkipitishe mkono kwa mkono, taratibu. Kina kijani hafifu, na ukikiinua kwenye taa utaona viputo vidogo. Ukijani ni chuma kilichomo mchangani. Viputo ni pumzi na gesi zilizonaswa na tanuri isiyo na moto wa kutosha. Nilikiokota Kilwa Kisiwani nikiwa kijana wa sekondari, tulipopelekwa matembezi na mwalimu wetu wa historia. Nitasema habari zake mwisho.

Uislamu ulipoenea, kioo kilipata msukumo ambao wanahistoria wa Ulaya huutaja kwa sentensi moja na kupita. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kunywea vyombo vya dhahabu na fedha. Tajiri wa Baghdadi, Damasko au Kairo aliyetaka kuonyesha neema bila kuvunja sharia alifanyaje? Aliutafuta uzuri katika kitu kisicho dhahabu. Mafundi wa Shamu na Misri, hasa katika karne ya 13 na 14, wakawa wanachora juu ya bilauri kwa rangi za vioo vilivyosagwa na maji ya dhahabu, kisha wanazirudisha motoni rangi zishike. (Maji ya dhahabu nayo, mtasema, ni dhahabu. Mafakihi walijadili. Tuwaachie.) Na katika Sura An-Naml kuna kisa cha Malkia wa Sheba aliyeingia katika jumba la Suleimani akapandisha nguo yake akidhani sakafu ya kioo ni maji. Wasikilizaji wa kisa hicho walijua kioo safi ni kipi.

Bilauri moja ya Shamu au Misri, ya katikati ya karne ya 14, ilifika kaskazini ya Uingereza katika familia ya Musgrave wa Edenhall. Imo ndani ya mkoba wa ngozi uliotengenezwa kwa ajili yake, na huenda mkoba huo ndio uliookoa maisha yake. Wenyeji wa huko, wasiojua ilikotoka, wakasema imeachwa na majini kisimani, na siku itakayovunjika bahati ya nyumba itaondoka. Leo iko London, makumbusho ya Victoria na Albert, nzima bila ufa. Nyumba ya Edenhall ndiyo iliyobomolewa.

Venice nitaipitia haraka, kwa kuwa kila kitabu kinaanza na kuishia huko. Mwaka 1291 dola ya Venice iliamuru tanuri zihamie kisiwa cha Murano, kwa hofu ya moto kuteketeza mji wa mbao. Kisiwa kile kikawa pia gereza la heshima, kwa sababu fundi aliyetoroka na siri alitafutwa kama mhaini. Katikati ya karne ya 15 Angelo Barovier akafanikiwa kutoa kioo kisicho rangi, kwa kusafisha majivu na kutia manganizi kidogo, ambayo mafundi huiita sabuni ya kioo. Wakakiita cristallo. Ndiyo sifa yetu ya bilauri, neno kwa neno.

Kinachonivutia zaidi ni vikombe vya watu wa misituni, Ulaya ya kaskazini. Hawakuwa na magadi. Walichoma miti, wakatumia majivu, wakapata kioo cha kijani kizito. Wengine walitengeneza bilauri zisizo na kitako kabisa, za umbo la pembe au kiganja. Huwezi kuiweka mezani, italala ubavu. Ukipewa, unywe umalize. Wengine walibandika matone ya kioo kuzunguka shina la bilauri, yamesimama kama vipele, na mtu angedhani ni pambo. Walikuwa wakila nyama kwa mikono, na vidole vyenye mafuta huteleza; vile vipele vilikuwa vya kushikia. Mnacheka, lakini nani kati yetu hajawahi kuponyokwa na glasi ya juisi baada ya pilau?

Misitu ikaanza kuisha. Mwaka 1615 mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alipiga marufuku tanuri za vioo kuchoma kuni, akitaka miti ibaki kwa kuundia meli. Aliyeshika ukiritimba wa vioo baada ya hapo, Robert Mansell, alikuwa mtu wa jeshi la majini. Mafundi wakalazimika kuhamia makaa ya mawe, yenye moto mkali zaidi. Miaka sitini hivi baadaye, 1674, George Ravenscroft alipewa hataza mjini London ya kutengeneza kioo kipya. Mwanzo vyombo vyake viliugua: baada ya muda vilijaa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Akarekebisha kwa kutia oksidi ya risasi, na kufikia 1677 alikuwa anavigonga muhuri wa kichwa cha kunguru kama dhamana kwamba ugonjwa umekwisha. Kioo cha risasi ni kizito, laini kwa kukatwa, hung'aa, na ukikigonga kwa ukucha hulia kama kengele. Kina pia sumu yake, maana kinywaji kikikaa humo siku nyingi hunyonya risasi. Hilo walichelewa kulijua.

Sasa mtoza kodi. Mwaka 1746 serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi ya kioo, na iliitoza kwa uzito. Fikirini mfanyabiashara aliyejijengea jina kwa kioo kizito anavyopokea habari hiyo! Bilauri zikapungua unene, mashina yakawa membamba, mengine yakaachwa wazi ndani, mengine yakatiwa nyuzi za hewa zilizosokotwa zirembe mahali ambapo zamani uzito ndio uliokuwa fahari. Wakusanyaji wa vitu vya kale leo hulipa fedha nyingi kwa mashina yale yaliyosokotwa na kusifu ladha ya karne ya 18. Ilikuwa kukwepa kodi. Ireland haikuguswa, na ndiyo maana Waterford, kiwanda kilichoanzishwa 1783, kiliweza kutengeneza vyombo vinene vilivyochongwa kwa kina. Kodi ilipoifikia Ireland mwaka 1825, biashara ikanyong'onyea, na 1851 kiwanda kikafungwa. Uingereza yenyewe ilikuwa imeifuta kodi hiyo 1845.

Enzi hizohizo kulikuwa na bilauri ya udanganyifu. Kwa nje ni sawa na za wengine, kwa ndani kitako ni kinene ajabu na shimo ni dogo. Ilitengenezwa kwa ajili ya msimamizi wa karamu, aliyepaswa kunywa kila jina linapotajwa na bado asimame wima hadi usiku. Ni hila ya heshima. Lakini hila hiyohiyo mikononi mwa mwenye kilabu cha pombe ni wizi, na hapo ndipo dola ilipoingia tena. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 sheria ya Uingereza ilidai vipimo vya kuuzia bia viwe na alama ya serikali. Painti ya Kiingereza, mililita 568, bado inauzwa katika bilauri zenye alama ya kipimo. Mimi si mnywaji wa bia, ila natamani sheria ya namna hiyo iwafikie wauza juisi ya miwa wa mjini kwetu na glasi zao za vitako vinene.

Naomba sasa mtazame hii ya pili. Ni ya bibi, moja kati ya zile tano. Mstari wa dhahabu umefutika. Pitisha kidole ubavuni, taratibu: utakuta mshono mwembamba, kama wa suruali. Hii haikupulizwa, imebanwa. Tonge la kioo hudondoshwa ndani ya kalibu ya chuma, kisha mtaimbo hushuka na kulisukuma lijaze kalibu. Ufundi huu ulistawi Marekani katika miaka ya 1820. Kiwanda cha Deming Jarves kule Sandwich, Massachusetts, kilikuwa mstari wa mbele. Kalibu ya chuma ilikiacha kioo na makunyanzi, wakayaficha kwa kukijaza vinukta na maua kila mahali. Mpuliza kioo anayejifunza kwa miaka akapata mshindani asiyehitaji mafunzo marefu, na bilauri ikateremka kutoka kabati la tajiri hadi kabati la bibi yangu. Kama si mashine ile, sisi tungeendelea na kata ya kifuu. Simaanishi kata ni kitu duni. Haipasuki kwa chai.

Ya tatu ni hii, yenye kiuno kama nyigu. Jirani yangu aliyefanya kazi Kuwait aliniletea. Huko na Irak huiita istikana, neno lenye udugu na stakan la Kirusi, na Waturuki wanayo inayofanana nayo sana. Kioo chake ni chembamba, na nimeshawaeleza kwa nini: hupata moto ndani na nje kwa pamoja, kwa hiyo haihitaji kijiko cha bibi. Ni ndogo ili chai iishe kabla ya kupoa. Kiunoni ndipo pa kushika, na mdomo uliojikunjua huipoza chai pale midomo inapogusa. Katika bilauri zote nilizozitaja, hii peke yake naona kama imechongwa na mnywaji mwenyewe. Warusi kinyume chake walitengeneza ya kwao nene, yenye pande nyingi. Uzalishaji wake ulianza mjini Gus-Khrustalny mwaka 1943, katikati ya vita, na katika treni zao huivika kishikio cha chuma ili abiria asiungue.

Kuna wanaosema kila mvinyo una glasi yake. Claus Riedel wa Austria ndiye aliyelieneza wazo hilo kuanzia 1958, na kampuni ya familia yake imeuza glasi nyingi kwa maelezo kwamba umbo hupeleka mvinyo mahali maalumu pa ulimi. Ile ramani ya ulimi, tamu mbele na chungu nyuma, niliifundisha hata mimi ubaoni. Ilitokana na makala ya Mjerumani Hänig ya 1901 iliyosomwa vibaya baadaye, na sayansi imeshaitupa. Umbo hubadilisha harufu inavyokusanyika, hilo kweli. Yaliyobaki ni biashara.

Turudi kwenye ile sentensi. Kioo hustahimili kubanwa, hakistahimili kuvutwa. Je, ukikibana kabla hakijafika mezani? Wafaransa walifanya hivyo. Katika kiwanda cha La Chapelle-Saint-Mesmin, karibu na Orléans, bilauri hupashwa moto hadi karibu kulainika, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Ngozi hukakamaa kwanza; moyo ukipoa baadaye husinyaa na kuivuta ngozi ndani. Tangu hapo ngozi iko katika kubanwa maisha yake yote, na atakayetaka kuivunja lazima kwanza aushinde mbano huo. Ndiyo Duralex, jina lililoanza 1945. Watoto wa shule Ufaransa hutazama namba iliyo chini ya bilauri wakaambiana huo ndio umri wao. Kumbe ni namba ya kalibu. Ikivunjika husambaa vipande vidogo vingi, mara nyingine bila kuguswa, kwa ufa mdogo uliokuwa ukisubiri. Nyumba ngapi zimemwita shehe kusoma kwa sababu glasi imepasuka yenyewe kabatini! Kusoma hakudhuru, lakini mkosaji si jini.

Wajerumani wa Mashariki walikwenda mbali zaidi. Walizichovya bilauri katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka. Chembe za sodiamu juu ya uso wa kioo hutoka, za potasiamu huingia mahali pao. Na kwa kuwa ni kubwa zaidi, hubanana kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni. Ni mbano uleule, kwa njia ya kemia. Waliziita Superfest. Kiwanda kilikuwa Schwepnitz, Saxony, uzalishaji ulianza 1980, na katika miaka kumi kilitoa bilauri zipatazo milioni 110. Zilikuwa nyembamba, nyepesi, na ziliruka zilipoanguka. Serikali ile ilikuwa maskini wa malighafi, haikutaka kutengeneza kitu kilekile mara mbili.

Walipojaribu kuziuza Magharibi, wafanyabiashara hawakuzitaka. Muuza glasi anaishi kwa glasi zinazovunjika. Mteja anayenunua mara moja hana faida kwake. Ukuta wa Berlin ulipoanguka 1989, kiwanda kikaingia sokoni na mwaka uliofuata uzalishaji ukakoma. Tiberius hakuhitajika tena; soko lilikata kichwa lenyewe. Na Duralex? Imefilisika na kubadilisha wenyewe mara kadhaa, hadi Julai 2024 mahakama ya Orléans ilipowaruhusu wafanyakazi wake, zaidi ya 200, kuichukua kama chama cha ushirika. Siri ya potasiamu haikufa pia. Kampuni ya Marekani ya Corning huitumia kwa kioo cha simu. Mnaipapasa sasa hivi mnapotazama saa mkitaka nimalize.

Namaliza. Kile kipande kimerudi? Asante, mwanangu.

Nimekaa nacho zaidi ya miaka arobaini, na sikupaswa kukaa nacho hata siku moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kipande kilichookotwa mahali pake bila kuandikwa kimekaa tabaka gani la udongo, kando ya kigae gani, kimepoteza nusu ya ushahidi wake. Mwalimu wetu hakutuambia, nami sikuuliza. Kesho asubuhi nakipeleka makumbusho pamoja na barua inayoeleza mwaka na mahali nilipokiokota. Ninyi mnaochimba misingi ya nyumba na visima kando ya magofu, mkikuta kioo cha kijani chenye viputo, msikitie mfukoni na msikitupe kwenye kifusi. Kiacheni kilipo, wekeni alama, mwiteni afisa wa mambo ya kale aje akione kikiwa bado ardhini.